Kitambaa Chekundu Nilikifungua Mimi

Ni mimi niliyefanya. Nalisema mwanzo kabisa, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kujitetea nitajitetea mpaka nijiamini mwenyewe.

Jina langu sitalitaja, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Wanaonijua vizuri watanijua tu. Wakinijua, basi, nimechoka.

Kazi yangu ilikuwa kukodisha muziki kwenye shughuli za wanawake. Nilikuwa na amplifaya moja, spika mbili kubwa na maiki mbili. Kwetu Unguja shughuli ya wanawake ni ya wanawake. Watu wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza wanavyotaka, na mwanamume hakanyagi. Kwa hiyo hata mpiga muziki lazima awe mwanamke, na mjini tulikuwa wawili tu wa kutegemewa. Mimi na mwenzangu mmoja ambaye tulikuwa hatupikiki chungu kimoja.

Nilijifunza mwenyewe kuchomeka waya, kupandisha besi, kuzuia maiki isipige mluzi. Wanawake wakaanza kuniita Fundi. Jamani, nilivimba kichwa! Mtu akiniita Fundi mbele ya watu nilikuwa natembea kama nyumba ni yangu.

Nilikuwa na shoga yangu, Zuwena. Huyu tumesoma naye juzuu chuo cha Kurani tukiwa na meno ya utoto. Yeye alikuwa mchora hina. Nilikuwa nakaa namtazama anavyochora mguu wa bi harusi, mkono hautetemeki, hanyanyui mpaka ua limefika kwenye kifundo. Watu walikuwa wanapanga siku ya harusi kwa kumuuliza yeye kwanza. Hina ikishakauka, siku ya shughuli yenyewe alikuwa anakuja kwangu kushika maiki. Anawachangamsha watu, anawaita kwa majina, anawatania mawifi. Bila Zuwena muziki wangu ulikuwa kelele tu.

Sasa ile amplifaya ilianza ugonjwa. Kule nyuma, pale panapoingia waya wa umeme, tundu lake lililegea. Ukiugusa waya kidogo tu, muziki unakatika. Mtu akipita karibu na gauni lake refu, muziki unakatika. Kwa miezi nilikuwa nakunja kipande cha boksi la majani ya chai nakisokomeza pembeni ya waya, muziki unarudi, naendelea. Nilijiona hodari!

Mpaka siku moja ukakatika bi harusi anaingia. Pale pale mlangoni, watu wamesimama, vigelegele vimeanza, kimya! Nikapiga magoti nyuma ya meza nasokomeza boksi, na mwanamke mmoja akasema kwa sauti ili nisikie, "Bora tungemwita yule mwengine." Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima.

Nikaipeleka amplifaya kwa Mzee Makame.

Mzee Makame alikuwa na kibanda chake kwenye kichochoro nyuma ya soko la Darajani. Alikuwa akitengeneza redio tangu mimi sijazaliwa. Kibanda chenyewe chembamba, akikaa yeye na meza yake mteja anabaki nje. Na alikuwa na utaratibu wake ambao kichochoro kizima kiliujua. Kitu kilichokwisha kutengenezwa anakiweka kwenye rafu ya mlangoni. Mwenyewe akija, hata kama Mzee yuko msikitini, anakichukua anakwenda zake, watamalizana siku nyingine. Kitu ambacho hakijakwisha kinakaa chini ya meza, ndani, na meno ya plagi yake ameyafunga kitambaa chekundu, kimechanwa kwenye leso kuukuu ya mkewe. Anakizungusha kwenye yale meno matatu, anapiga kifundo. Huwezi kuchomeka plagi ukutani mpaka ukifungue. Hata watoto walikuwa wanajua kwamba chenye kitambaa hakiguswi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenletea nini?"

Nikamweleza. Akaigeuza, akautikisa ule waya kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa. Akafungua skrubu, akaniita nichungulie.

"Waona hapa? Hii risasi ya kuyeyusha ilokuwa ishikilie waya ishapasuka. Waya wa moto umebaki kuning'inia. Na huu wa kijani ndo mlinzi wako huu, umeme ukipotea njia huu ndo wa kuupeleka ardhini. Ushatoka wote. Ulikuwa unafanya nini na kitu hichi?"

"Nilikuwa nakisokomeza boksi, Mzee."

"Mungu kakusitiri." Hakucheka. "Hili tundu nalitoa lote. Jengine ntaliagiza, njoo Jumamosi."

"Mzee, nna shughuli Alkhamisi!"

"Basi azima kwa mwenzio."

Kwa mwenzangu! Kwa yule! Bora nife! Nikasema, "Mzee, nifungie hivyo hivyo tu, siku moja."

Akanitazama juu ya miwani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alikuwa anasogeza kila kitu karibu na pua. Akasema polepole, "Mwanangu, hichi hakichezewi. Kitaua mtu hichi." Kisha akachukua kitambaa, akakizungusha kwenye meno ya plagi mbele ya macho yangu, akapiga vifundo viwili.

Viwili. Nimeviona.

Jumatano alasiri nikapita tena Darajani. Nilijiambia nakwenda kumbembeleza. Nikakuta kibanda kitupu, kigoda kimelazwa kwenye kizingiti kama wafanyavyo watu wakienda kuswali. Kwenye rafu ya mlangoni kulikuwa na redio mbili na feni ya mtu. Amplifaya yangu ilikuwa chini ya meza. Nilikuwa naiona kutoka nje, na wekundu wake.

Mwenye kuuza vitunguu jirani naye hakuwapo. Msikitini watu walikuwa wamekwisha kuanza swala.

Nikakiruka kigoda. Nakumbuka niliinua buibui kidogo lisinase. Nikainama, nikaibeba kifuani, nikatoka. Mtu mzima mimi! Watu wako kwenye swala na mimi naiba kitu changu mwenyewe!

Nyumbani kwangu ni Michenzani, kwenye yale majumba marefu. Nikapanda ngazi zote na mzigo ule, nikauweka juu ya meza ya jikoni. Cha kwanza nilikifungua kitambaa. Vile vifundo vilikuwa vimekaza, nikatumia meno. Sijui kwa nini sikukitupa. Nilikitia kwenye mkoba.

Nikafungua skrubu. Mzee alikuwa ameshalitoa lile tundu bovu, amelitia kwenye kijifuko cha nailoni humo humo ndani pamoja na vidude vyake. Waya zinaning'inia. Nikalirudisha lile lile bovu. Sina pasi ya kutilia risasi, kwa hiyo nikazisokota waya kwa vidole na kuzifunga plasta ya kidonda. Ule wa kijani haukufika, ulikuwa mfupi. Nikaangalia redio yangu ya nyumbani, waya wake una nyuzi mbili tu na miaka yote inaimba. Nikasema huu wa tatu ni mbwembwe za mafundi. Nikachukua mkasi wa kukatia samaki, nikaukata.

Aliniambia kuwa ndiye mlinzi. Alinionyesha kwa kidole. Nikaukata!

Nikachomeka. Taa ikawaka, spika ikanguruma. Nikatikisa waya, haukukatika. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Fundi!

Alkhamisi asubuhi simu iliita. Nikaona ni Mzee Makame. Nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Nilijiambia nitampigia Ijumaa, nitamwomba radhi, nitamrudishia aimalize. Kwangu mimi lilikuwa jambo la siku moja tu.

Shughuli ilikuwa kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, ukumbi wa chini, sakafu ya marumaru. Viatu vyote mlangoni. Watoto walikuwa wamemwaga sharubati, sakafu ikapigwa maji, haijakauka vizuri watu wakaanza kuingia. Nikapanga vitu vyangu. Muziki ukatoka safi, hakuna kukatika, na nikamtafuta kwa macho yule mwanamke wa "bora yule mwengine". Alikuwapo. Nikampandishia sauti.

Zuwena akachukua maiki. Alivaa gauni la kijani, mikono yake mwenyewe imechorwa piko mpaka kwenye viwiko. Baada ya nyimbo mbili akanijia, akaniinamia sikioni.

"Shoga, hii maiki yantambalia vidoleni. Kama siafu."

"Ni hiyo feni. Una baridi."

"Si baridi, mie nnakwambia! Yatekenya."

"Ishike kwa leso basi. Usideke bwana, watu wanakungoja."

Hayo ndiyo maneno yangu. Usideke bwana. Kila siku nayasikia.

Na kulikuwa na nafasi nyingine. Sijui Mungu alinipa nafasi ngapi siku ile! Ami yake bi harusi alikuwa barazani, nje. Taa za ndani zilikuwa zimepepesa mara moja, akagonga mlango, akauliza kupitia kwa mtoto wa kike kama muziki una hitilafu, pale nje yupo jamaa anayejua umeme, wanawake wajifunike dakika moja aingie atazame. Wanawake wakageuka kunitazama mimi. Wamejipamba, nywele zimetengenezwa, nani anataka kujifunika? Nikasema, "Aingie kufanya nini? Fundi si mimi hapa?" Wakacheka, wakanipigia makofi.

Zuwena alikuwa ameifunga leso kwenye maiki. Wimbo ulipopamba moto leso ikaanguka, hakuiokota. Akaanza kuwaita mawifi. Alikuwa peku kwenye ile sakafu, anarudi nyuma kwa madaha, akanyoosha mkono wa kushoto akashika chuma cha dirisha.

Akanyamaza katikati ya jina la mtu.

Tulidhani ni mchezo wake. Kweli! Watu wakashangilia, mmoja akaenda kumtunza, akitaka kumbandika noti kwenye paji la uso. Mimi nikaona macho yake. Yalikuwa yananitazama mimi, hayapepesi, na mkono wake umeikamata maiki mpaka mishipa imesimama. Nikapiga ukelele nikamsukuma yule wa noti, nikaurukia ukuta, nikachomoa plagi.

Akaanguka kama nguo iliyotoka kambani. Harufu ile siwezi kuiandika.

Alipona. Nasema alipona, alhamdulillahi, maana madaktari walisema moyo ulikuwa umeshaanza kupotea. Lakini kiganja chake cha kulia kiliungua mpaka ndani. Vidole vitatu vilijikunja na havikukunjuka tena. Siku hizi anashika kikombe kwa mikono miwili.

Sasa nisikilize hapa, maana watu wanadhani kosa langu ni lile la jikoni. Lile la jikoni ni ujinga. Kosa langu ni hili.

Tumekaa kwenye benchi hospitali, kaka yake Zuwena akaja anahema. Akauliza, "Ile mashine kaitengeneza nani?"

Nikasema, "Mzee Makame. Nimeikuta mlangoni, kwenye rafu."

Hakuna aliyenishikia kisu! Mdomo ulifunguka wenyewe, uongo ukatoka umekamilika, na rafu yake na mlango wake. Nilijiambia nimepata muda wa kupumua tu, kesho nitasema kweli. Asubuhi yake nikaenda kwenye ile nyumba nikaichukua amplifaya. Nikaipiga nyundo, nikaitupa jaani. Watu walisema masikini, hata kuitazama hawezi.

Siku ya tatu Mzee Makame alikuja kwao Zuwena, jumba lile lile letu, ngazi chache juu ya kwangu. Kanzu nyeupe, kofia, amebeba mfuko wa machungwa. Ukumbi umejaa watu. Wengine hawakumwitikia salamu. Alisimama pale mlangoni kama anayengoja ruhusa, akanitafuta kwa yale macho yake mabovu, akaniuliza mimi, mbele ya wote, kwa upole kabisa.

"Mwanangu. Kitambaa kilikuwapo?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Kitambaa kimo ndani. Nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili.

"Hakikuwapo, Mzee. Ningekiona."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, anarudi nyuma kichwani kwake, anatafuta. Mwaka ule alikuwa ameanza kusahau vitu vidogo vidogo, miwani, funguo, na mwenyewe alikuwa anajua. Angeniambia, "Mwongo wewe, nilikufungia mbele ya macho yako!" Angenipigia kelele ningeungama pale pale, naapa. Lakini yeye alisema, "Basi mie ndo nlosahau. Labda nilikifungua nijaribu zile waya, nsikirudishe, nkaiweka rafuni. Mtu mwenye akili zake hawezi kuchukua kitu chenye kitambaa."

Akaomba aione amplifaya. Nikamwambia nimeitupa. Akasema, "Umefanya vyema."

Akayaweka machungwa chini, akaondoka.

Mnajua mji wetu ulivyo. Haikufika Ijumaa ya pili watu wakaanza kwenda kuchukua vitu vyao kwenye kibanda chake, vilivyokwisha na visivyokwisha. Wakisema macho yamekwisha, mikono imekwisha, apumzike kabla hajaua mtu. Hakubishana na mtu hata mmoja. Akafunga kibanda akarudi kukaa nyumbani kwake Amani. Nimepita kichochoroni mara moja tu tangu hapo. Kile kigoda alikuwa amekigawa, anakikalia muuza vitunguu.

Na mimi? Mimi nilipewa pole. Tena nilisifiwa! Zuwena mwenyewe husema mbele za watu, "Huyu ndo alochomoa waya. Bila huyu ningekuwa nshazikwa." Ananishika kwa ule mkono wa vidole vilivyojikunja, na mimi namwitikia. Nakunywa chai yake, nakula mikate ya kumimina ya mama yake. Kazi ya muziki niliacha. Siwezi tena kushika plagi. Naogopa kuchomeka hata pasi, nguo zangu navaa na makunyanzi, na watu wanasema masikini, bado ana mshtuko.

Mara tatu nilikwenda Amani kumwambia. Mara ya kwanza nilifika kwenye kona nikageuka. Mara ya pili nilimkuta barazani, ana redio ndogo mapajani, anaipapasa tu haitengenezi. Nikamwamkia, akaniitikia, "Marahaba mwanangu. Mgonjwa wetu vipi?" Mgonjwa wetu! Nikasema hajambo. Nikaaga. Mara ya tatu alikuwa amelala, anaumwa, nikasema nitarudi.

Sikurudi. Asubuhi moja nikasikia msikitini wanatangaza, wakataja jina lake na la baba yake, na kwamba anazikwa baada ya adhuhuri.

Nilikaa chini jikoni pale pale nilipoukatia ule waya.

Wiki mbili baadaye alikuja binti yake. Akaniambia, "Mama anakwita. Yumo edani hawezi kutoka, angelikuja mwenyewe."

Nikajua siku imefika. Nikajua Mzee alikumbuka vifundo vyake kabla hajafa, amemwambia mkewe, na sasa naitwa nikasutwe. Na mtaamini? Nilifurahi! Niliukagua mkoba, kitambaa kimo. Njia nzima nilikuwa najisemea maneno nitakayosema.

Bi Kazija alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, kajifunika nyeupe, tasbihi mkononi. Mwanamke mtu mzima, mwembamba. Chumba hakina kitu isipokuwa kitanda na sanduku. Nikamwamkia, akaniitikia, akanigongea mkeka nikae karibu yake.

"Mwanangu," akasema, "nimekwita kwa sababu ya mzee wako. Kanwachia wasia. Kasema nisiutimize kwa kutuma mtu, nikwambie mwenyewe kwa mdomo wangu."

"Naam, bibi."

"Kasema nikuombe msamaha."

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa. Nikasema, "Nani, bibi?"

"Wewe. Yeye anakuomba wewe." Alianza kulia lakini sauti haikutetemeka. "Yule shoga yako, mzee alishatuma mtu kwa kaka zake wakamuulize, kasamehe. Umebaki wewe. Kasema wewe ndo ulobeba ile mashine kwa kumwamini, shoga yako kaungua mikononi mwako, na kazi yako imekufa. Tangu siku ile halali vyema. Alikuwa akikaa kitandani hapo ananuliza, 'Bi Kazija, nilikifunga? Mbona nakumbuka nilikifunga?' Mie namwambia labda ulifunga mume wangu. Yeye anasema, 'La. Ningelikifunga yule mtoto asingelichukua.' Mpaka siku ya mwisho mikono yake ilikuwa inafunga. Hivi." Akanionyesha. Vidole vyake vikazungusha hewa, vikapiga kifundo, vikapiga cha pili.

"Msamehe mwanangu. Katika haki alizonazo shingoni hii ndo ilomtisha."

Hapo ndipo! Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mkoba. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia, nimekigusa, nakijua kwa kukigusa. Mama wa watu ananitazama usoni anangoja. Nikasema moyoni, nikimwambia sasa nitamuua, yumo edani, mwache apumzike. Huo nao ulikuwa uongo. Niliogopa. Niliogopa jinsi sura yake itakavyobadilika.

Nikasema, "Nimemsamehe, bibi."

Akauchukua mkono wangu akaubusu. Ule wa kulia, ulioukata waya. Mtu wa umri wa bibi yangu akaniinamia akaubusu, akasema, "Allah akuzidishie. Sasa atalala."

Tangu siku hiyo sijui hata niseme mimi ni kitu gani. Nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea! Dhambi yako na Mungu unaweza kuinua mikono ukatubu ukiwa peke yako chumbani. Haki ya mtu inataka mtu mwenyewe, na mtu mwenyewe nimemwacha aende nayo, yangu, juu ya mgongo wake. Ya Zuwena bado naweza kuiomba, yuko hai, yuko umbali wa ngazi chache tu. Ya Bi Kazija naweza. Ya Mzee Makame nitaiomba wapi? Nimekwenda kaburini, nimesimama nje ya ukuta, nimesema yote kwa sauti. Hakuna aliyenijibu.

Eda ya Bi Kazija inakwisha mwezi ujao. Nimeandika haya kwanza ili yawe yameshatoka mdomoni, nisipate tena pa kurudi nyuma. Nimekifua kile kitambaa, nikakipiga pasi. Ndiyo, pasi, nimechomeka mwenyewe. Siku atakayotoka eda nitamwendea nimpe mkononi, nikitoka hapo nipande kwa Zuwena. Wakinitemea mate nitajifuta. Mkiniona mjini baada ya hapo sina rafiki, msinipe pole.

Na wewe unayesoma, usinionee huruma, jionee wewe. Kama kitu kimelegea, mpe anayejua akitengeneze, na akikwambia bado, sikia bado. Hayo ni madogo. Lakini kama kuna mtu mahali anabeba kosa lako, watu wanamtazama vibaya, na mwenyewe ameanza kuamini kwamba ni lake, acha kusoma hapa hapa. Vaa, toka, mwendee. Usiseme Ijumaa. Usifike kwenye kona ukageuka. Mwamkie, na angali anakuitikia, mwambie.

Mimi nilimwamkia Mzee Makame akaniitikia, na nikamwambia mgonjwa hajambo.